Tupeane uzoefu: Kusoma ADN na BSN kwa pamoja hapa Marekani huku unapiga shifti

BintiTanga

Wakuu habari zenu, na poleni na shifti.

Kila wiki napata ujumbe wa dada au kaka ambaye ni CNA (msaidizi wa muuguzi), ameshachoka kugeuza wagonjwa kwa mshahara uleule, anauliza: "Ile ya kusoma ADN na BSN kwa mpigo inawezekana kweli, au watu wanajisifu tu?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimeona ni bora tuliweke hapa, kila aliyepita njia hii aseme yake.

Kwa asiyejua: ADN ni digrii ya uuguzi ya miaka 2 ya koleji, BSN ni shahada ya uuguzi ya miaka 4 ya chuo kikuu. Wote mnakalia mtihani mmoja wa leseni, NCLEX-RN, na leseni ya RN (muuguzi aliyesajiliwa) ni ileile. Tofauti unaikuta mbele ya safari. Hospitali kubwa nyingi zinataka BSN, na New York walipitisha sheria mwaka 2017 kwamba RN mpya awe amepata BSN ndani ya miaka 10. Sasa hii ya kuunganisha, koleji na chuo kikuu wanashirikiana, unakubaliwa kote kuwili. Mchana uko koleji, maabara na wodini. Usiku unafungua darasa la chuo kikuu mtandaoni. Ukimaliza ADN unakalia NCLEX, na BSN unaimaliza pamoja nayo au muda mfupi baadaye.

Mimi nilianza nikiwa CNA kwenye nyumba ya wazee. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, jumla saa 36. Jumatatu asubuhi niko darasani. Muhula wa kwanza ulikwenda vizuri nikajiona chuma. Muhula wa pili nikachukua uuguzi wa watu wazima upande wa ADN, na upande wa BSN nikabeba mawili: takwimu na utafiti.

Ukaja mtihani wa hesabu za dozi. Swali naliona mpaka leo: lita moja ya maji iingie kwa saa 8, mrija unatoa matone 15 kwa kila mililita, ni matone mangapi kwa dakika? Jibu ni 31. Mimi niliandika 125, ambayo ni mililita kwa saa, yaani nilifika nusu ya njia nikaweka kalamu chini. Hesabu nilikuwa naijua, nilimfundisha mwenzangu hiyohiyo Alhamisi iliyotangulia. Usingizi ndio ulioandika. Kwetu ilitakiwa asilimia 90, ukikosa unapewa nafasi moja tu ya kurudia, ukikosa tena unatoka kwenye programu. Nilikaa kwenye gari nikawaza: huyu angekuwa mtu kitandani, drip inakwenda mara nne ya kasi yake.

Jioni hiyo nilimpigia msimamizi wa kazini, nikashuka hadi shifti mbili. Kesho yake nikaacha darasa la utafiti kabla ya tarehe ya mwisho ya kuacha, kwa hiyo halikuniharibia alama. Nilirudia mtihani nikapata zote. Utafiti nilikuja kuusoma kiangazi, peke yake, nikaupenda. Kwa hiyo langu la kwanza: muhula wenye uuguzi wa watu wazima usiubebeshe darasa la BSN zaidi ya moja. Kama programu inakulazimisha mawili, punguza kazi mapema, usingoje uanguke.

La pili ni pesa. Pell Grant, ile pesa ya masomo ya serikali isiyorudishwa, hupewi na vyuo viwili kwa wakati mmoja. Kimoja kinakuwa chuo chako cha msingi kinachokupa pesa hiyo, kisha vyuo viwili vinasaini mkataba (consortium agreement) ili krediti za kote zihesabiwe pamoja. Mimi mshauri wangu hakunitajia mkataba huo, nikalipa madarasa ya chuo kikuu kwa mfuko wangu mihula miwili. Kwa mtu anayetuma pesa nyumbani kila mwezi, mihula miwili ni mlima. Ulizeni mkataba huo kwa jina lake, siku ya kwanza.

Haya, karibuni.

mtoto_wa_fizi

Asante sana dada. Mimi ni Mkongomani, nimekulia kambi ya Nyarugusu pale Kigoma, tukaletwa Texas na familia yote. Nilianza na usafi wa hospitali, kisha CNA, kisha nikaingia njia hii.

Watu wanasema madarasa ya BSN ni insha tu, ni ya kupata karatasi. Nawaomba msiyasome hivyo. Muhula wangu wa tatu nilikuwa wodi ya moyo kwa ADN, na usiku nina darasa la afya ya jamii. Wodini nilikuwa naona wazee wanarudi na miguu imevimba, wametoka wiki mbili tu zilizopita. Darasa la usiku likatuambia tuchague jamii moja tuichunguze. Nikachagua kanisa letu.

Nilipima presha baada ya ibada, Jumapili nne. Mama mmoja wa makamo ya mama yangu presha yake iko juu, anaapa kwamba chumvi ameacha, daktari alimkataza na yeye ametii. Nikamwomba Jumapili ijayo alete vitu anavyopikia. Akaja na mfuko, ndani kuna vile vijiwe vya kutilia ladha mchuzi. Tukakaa kwenye benchi tukasoma maandishi madogo pamoja, mimi namtafsiria. Kijiwe kimoja kilikuwa na chumvi karibu sawa na aliyotakiwa kula nusu siku, na yeye sufuria moja anatia vitatu. Alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo nimeacha kijiko, nimeshika jiwe."

Ningesoma ADN peke yake ningejua kumpa dawa ya kupunguza maji. Ningesoma BSN miaka mitatu baadaye ningekuwa nimeshasahau sura za wale wazee. Mimi nilivipata vyote wiki moja, na ndiyo sababu nawaambia vijana wetu wavisome pamoja kama wanaweza. Kazi nilikuwa nafanya saa 24 kwa wiki, hapo naungana na dada. Na nilikuwa sina mtoto bado, niseme ukweli.

usiku_na_mchana

Mimi iliniangusha. Alama ya kupita kwetu ni 77, nikapata 76.4 kwenye uuguzi wa watu wazima, na hawakadirii kwenda juu. Nilikuwa na kazi mbili na madarasa mawili ya BSN. Kwa programu yetu ukianguka koleji, chuo kikuu nako wanakusimamisha mpaka urudi. Nilikaa miezi mitano nje. Mke wangu ndiye aliyenirudisha, akachukua zamu za ziada yeye. Nikarudia ADN peke yake, leo ni RN mwaka wa pili, wodi ya mifupa. BSN sijaigusa, nitaanza Januari Mungu akipenda. Kuanguka kwa nukta sita hakukunifanya muuguzi mbaya. Nawaandikia walio hapo sasa hivi.

nasi_wa_nyeri

Hamjambo. Mimi nitaleta upande mwingine, kwa sababu kuna watu wanasoma hapa na wataingia njia ambayo si yao.

Kama ulimaliza diploma ya uuguzi nyumbani, uwe KRCHN wa Kenya (muuguzi wa afya ya jamii aliyesajiliwa) au mwenye stashahada ya Tanzania, na umesajiliwa na baraza, tafadhali usikimbilie kuanza ADN upya. Peleka kwanza karatasi zako zikatathminiwe. Mimi zangu zilipitia CGFNS, shirika la Marekani linalotathmini vyeti vya wauguzi waliosoma nje. Kungoja nakala za matokeo kutoka nyumbani kulichukua miezi 7, na kila wiki nilikuwa napiga simu usiku wa manane wa huku. Lakini zilifika, nikaruhusiwa kukalia NCLEX, nikapita. Binamu yangu tuliyesoma naye alishauriwa na mtu wa kanisani aanze moja. Amelipa miaka miwili kujifunza kutandika kitanda alichokitandika wodini Nyeri miaka sita.

Baada ya leseni nilisoma ile njia ya RN kwenda BSN, mtandaoni, nikiwa kazini. Hospitali nyingi hukurudishia ada. Sheria ya kodi inaruhusu mwajiri akupe hadi dola 5,250 kwa mwaka za masomo bila kukatwa kodi, na wengi husimama hapohapo. Nilichukua madarasa machache kila mwaka ili nisipite kiasi hicho. Sikulipa karibu chochote. Soma mkataba tu, mara nyingi wanataka ukae nao mwaka au miwili baadaye.

Kwa hiyo kuunganisha kunamfaa anayeanzia chini kabisa. Aliye na diploma ya kwao ana mlango wake.

mwalimu_wodini

Nasimamia wanafunzi wodini, nimesoma uzi huu wote kwa furaha. Historia kidogo tu: ADN yenyewe ililetwa na Mildred Montag wa Chuo Kikuu cha Columbia, majaribio yakaanza mwaka 1952, wakati wauguzi walikuwa hawatoshi baada ya vita. Watu walishuku kama miaka miwili inatosha. Leo wahitimu wa ADN ni sehemu kubwa sana ya wauguzi wa nchi hii. Msione haya kuanzia hapo.

Ninachotaka kusisitiza ni uchaguzi wa chuo. Ithibati ya programu ya uuguzi iwe ya chombo kinachotambulika, kama ACEN au CCNE, na programu iwe imeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo lako. Yaangalie hayo kwenye tovuti za vyombo hivyo vyenyewe, si kwenye kipeperushi cha chuo. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 kwa kuuza zaidi ya diploma 7,600 za uongo za uuguzi kutoka vyuo vitatu vya Florida. Wahamiaji walikuwemo kati ya walionunua, na walipoteza pesa na leseni. Ukiambiwa utakuwa RN bila kukanyaga wodi, ondoka.

Na NCLEX: tangu Aprili 2023 maswali ni kati ya 85 na 150, muda saa 5, na baadhi yanapima namna unavyoamua juu ya mgonjwa mmoja kadiri hali yake inavyobadilika. Wanafunzi wangu wanaosoma vyote viwili huwa wazuri sana hapo, mradi wawe wamepata usingizi.

mama_wa_pacha

Shikamooni wakubwa. Nimesoma nikalia kidogo, hasa kwa kaka wa 76.4. Nimekubaliwa koleji kuanzia Agosti na chuo kikuu wamenijibu juzi. Nina pacha wa miaka 4, mume anaendesha malori, yuko nyumbani siku mbili kwa wiki. Nafanya saa 32. Niende zote mbili au ADN kwanza? Na huo mkataba wa vyuo viwili nauliza ofisi gani?

BintiTanga

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Kwa pacha na mume wa barabarani, mimi ningekushauri muhula wa kwanza uchukue ADN peke yake kama programu inaruhusu, au darasa moja tu la BSN, lile jepesi la kuandika. Takwimu iweke kiangazi. Saa 32 zishushe hadi 24 kuanzia Agosti hiyohiyo, na ukae na mume mpige hesabu ya pengo kabla, si baada.

Mkataba ni ofisi ya msaada wa fedha ya koleji, kwa sababu hiyo ndiyo itakuwa chuo chako cha msingi. Nenda mwenyewe na barua zote mbili za kukubaliwa. Fomu inasainiwa kote kuwili na huwa inafanywa upya kila muhula.

mama_wa_pacha

Asante dada. Nina miadi Jumanne saa nne asubuhi, pacha nitawaacha kwa jirani. Nitarudi niwaambie walivyosema.