Mfumo Endeshi Uahidi Kumbukumbu Usiyo Nayo, au Ukatae Mapema?

Mhudumu wa Seva, Gulu
Naomba maoni ya wenzangu kuhusu jambo lililonikera tangu mwisho wa mwezi. Kituo cha afya ninachokihudumia kina seva moja ya Linux inayobeba hifadhidata ya wagonjwa pamoja na programu ya kuandaa ripoti. Ripoti ilipokuwa ikiandaliwa, hifadhidata ilizimika ghafla, na logi ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ikaeleza kwamba kumbukumbu ilikwisha na mchakato wa hifadhidata (programu yake inayoendeshwa) ukauawa. Programu ya ripoti, ambayo ndiyo iliyoanza kula kupita kiasi, iliachwa hai. Siulizi namna ya kuitengeneza seva. Ninauliza la msingi. Linux, kwa mpangilio wake wa kawaida, huikubalia programu karibu kila kumbukumbu inayoiomba, kwa kuwa ukurasa halisi wa RAM, yaani kipande kidogo cha kumbukumbu, hutolewa pale tu unapoguswa kwa mara ya kwanza. Ahadi zikidaiwa zote kwa pamoja, kerneli huchagua wa kuua. Windows haiahidi zaidi ya jumla ya RAM na faili la kurasa lililoko diskini. Likijaa na lisiweze kuongezwa, mwombaji huambiwa hapana. Mwenendo upi ni wa haki?

Mweka Hazina, Mbarara
Mweka hazina wa SACCO akiidhinisha mikopo inayozidi fedha zilizomo kwa kutumaini kwamba wanachama hawatakuja siku moja, kisha wakaja wote, hataruhusiwa kumfukuza mwanachama mkubwa kuliko wote ili hesabu zilingane. Kerneli hufanya hivyo hivyo, na mafundi wetu huuita huo ubunifu. Afadhali Windows: programu iliyokataliwa hujua kwamba imekataliwa, huhifadhi kazi yake na kujifunga kwa heshima.

Fundi wa Ntinda
Ndugu Mweka Hazina, hizo programu zinazojifunga kwa heshima umeziona wapi? Nyingi hazikagui kabisa jibu la malloc, wito wa kuomba kumbukumbu, na zinazolikagua huandika mstari mmoja wa kosa na kuanguka hapo hapo. Isitoshe, anayekataliwa si lazima awe mlaji mkubwa. Ni yeyote aliyeomba katika saa mbaya, hata kama aliomba kilobaiti chache. Sababu ya ahadi hizo ni fork, wito ambao kwao mchakato hujinakili na kuzaa mtoto. Mchakato wenye GB 6 katika mashine ya GB 8 ukiita fork ili kuanzisha programu ndogo tu, mtoto wake hudai GB 6 nyingine kwenye karatasi, ingawa kurasa hizo wanazitumia pamoja hadi mmoja wao aandike. Mfumo mkali ungekataa ombi ambalo halikuhitaji hata megabaiti kumi. Windows huanzisha mchakato mpya bila kunakili mzazi, kwa hiyo deni hilo haina. Lakini tuseme ukweli: mjadala huu ni wa watu wenye mashine za GB 4. Anayenunua RAM ya kutosha hausikii kabisa.

Mwalimu wa Maabara, Jinja
Nilikuwa nimekuja kusoma kimya kuhusu fork, lakini sentensi ya mwisho ya Fundi haiwezi kupita bila jibu. Maabara yangu ina kompyuta zilizotumika ng'ambo kabla ya kufika kwetu, na ubao mama wake haupokei zaidi ya GB 4 hata ukiuletea RAM ya dhahabu. Wanafunzi wanapofungua kivinjari, mashine haiui chochote. Inaganda, kishale hakisogei, taa ya diski haizimiki, na kipindi kinakwisha. Ssebo, je, mfumo endeshi unaandikwa kwa ajili ya duka la Ntinda peke yake?

Fundi wa Ntinda
Mwalimu, sikumtaja maskini, nilitaja GB 4. Uliyejiingiza ni wewe.

Binti wa Arua
Fundi amekosea hata kwa hesabu zake mwenyewe. Mimi huhudumia seva za GB 256 na michakato huuawa humo mara kwa mara, kwa sababu kila programu imewekwa ndani ya konteina (eneo lililotengwa) yenye kikomo chake cha kumbukumbu, na inapokivuka, kerneli humuua aliye ndani ya konteina hiyo hata kama nusu ya RAM ya mashine haina kazi. Ukubwa wa mashine hauuondoi mjadala huu, unauhamisha tu.

Mzee wa Solaris
Wanangu, sisi tuliotumia Solaris, mfumo endeshi wa jamii ya Unix, tulizoea mfumo unaohifadhi nafasi ya swapu (sehemu ya diski inayoisaidia RAM) kabla ya kuahidi, na hatukuwahi kuamka asubuhi tukakuta hifadhidata imeuawa. Huyo muuaji wa Linux, nakumbuka, hutazama muda ambao mchakato umeishi, kwa hiyo wazee husamehewa.

Binti wa Arua
Shikamoo Mzee. Umri ulihesabiwa zamani, lakini kanuni hiyo iliandikwa upya katika Linux 2.6.36 mwaka 2010. Siku hizi alama hutokana hasa na sehemu ya kumbukumbu ambayo mchakato unaitumia, pamoja na kipimo cha oom_score_adj ambacho msimamizi hukiweka kati ya -1000 na 1000. Ndiyo maana hifadhidata ya Gulu ilikufa: haikuwa na hatia, ilikuwa kubwa tu. Na ukali wa Solaris unapatikana hata katika Linux, kwa kuweka mpangilio wa vm.overcommit_memory kuwa 2. Waandishi wa programu ya hifadhidata ya PostgreSQL wenyewe hushauri hivyo. Angalia tu kwamba kikomo cha kawaida huwa swapu yote pamoja na nusu ya RAM, hivyo asiye na swapu atakataliwa mapema sana.

Mweka Hazina, Mbarara
Kwa hiyo nilikuwa sahihi, na dawa ilikuwapo miaka yote hii.

Fundi wa Ntinda
Dawa hiyo mpe Mwalimu katika mashine zake, kisha uhesabu vivinjari vitakavyofunguka. Kivinjari huomba anwani za kumbukumbu nyingi mno kuliko kinavyozigusa.

Mwalimu wa Maabara, Jinja
Sasa mashine zangu zimekuwa na maana. Nashukuru. Lakini hakuna aliyegusa kuganda, ambako kwangu ni kubaya kuliko kifo. Kwa nini kerneli haiui mapema?

Binti wa Arua
Kwa sababu kerneli huua pale tu inaposhindwa kabisa kupata ukurasa. Kabla ya hapo hutupa kurasa za programu zilizosomwa kutoka diskini, kisha huzisoma tena baada ya muda mfupi, na hujiona bado inaendelea na kazi. Tangu Linux 4.20 ya mwaka 2018 kuna PSI, inayopima muda ambao michakato hupoteza ikisubiri kumbukumbu, na programu iliyo nje ya kerneli inaweza kusoma kipimo hicho na kuua mapema. Simu za Android hufanya kazi hiyo kwa programu iitwayo lmkd, zikianza na programu zisizo mbele ya macho. Ubuntu 22.04, toleo mojawapo la Linux, ilikuja na programu ya aina hiyo iitwayo systemd-oomd, na watu wakalalamika kwamba vivinjari vyao vinafungwa wakati mashine haijazidiwa. Mwalimu, anza na zram, ambayo hukandamiza kurasa ndani ya RAM yenyewe badala ya kuzipeleka diskini.

Mzee wa Solaris
Naona swali limegeuka kutoka kama ni haki kuua hadi ni nani aue na saa ngapi. Mimi bado nipo kwenye lile la kwanza.

Mhudumu wa Seva, Gulu
Nawashukuru wote. Kikomo cha namba 2 nakiogopa kwa sababu sina swapu ya kutosha, basi nimeipa hifadhidata oom_score_adj ya -1000 ili isiguswe kamwe.

Fundi wa Ntinda
Isiguswe hata ikivuja yenyewe, yaani ikichukua kumbukumbu bila kuirudisha? Kerneli itaua ripoti, itaua chelezo (nakala za akiba), itaua kila kilicho pembeni, na hifadhidata itaendelea kula. Huduma ya sshd, inayokuwezesha kuingia kwenye seva ukiwa mbali, hujikinga kwa kipimo hicho hicho, lakini kipindi utakachofungua baada ya kuingia hakina kinga. Utaifikiaje seva siku hiyo?

Mhudumu wa Seva, Gulu
Kwa mlango. Ufunguo ninao mimi.