Naombeni ushauri: Kijiji chetu kinaishi kwa ushuru wa mkaa. Tuuhoji vipi mkakati wa nishati safi bila kuonekana tunampinga Rais?

Mjumbe_Kilosa aliandika:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji katika Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, na pia ni katibu wa kamati yetu ya maliasili. Naomba ushauri kwa jambo ambalo limetugawa, na ambalo baada ya wiki chache nitatakiwa kulisemea mbele ya mbunge wetu.

Kijiji chetu kina msitu wa hifadhi uliopimwa na wenye mpango wa usimamizi. Tulijifunza kuvuna mkaa kwa utaratibu kutokana na mradi uliofadhiliwa na Uswisi, ambao ulianza wilayani kwetu mwaka 2012. Eneo la uvunaji limegawanywa katika vipande vya mita 50 kwa 50, na kipande kikishavunwa hakiguswi tena hadi ipite miaka 24. Mchomaji haruhusiwi kung'oa kisiki wala kukichoma, kwa sababu miti yetu ya miombo huchipua kutoka kwenye kisiki hichohicho. Kila gunia linalotoka lina ushuru wa kijiji, na ushuru huo ndio uliojenga darasa na kukarabati nyumba ya mganga wa zahanati.

Wote mnafahamu kuwa taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zilipewa hadi mwisho wa Januari 2024 ziwe zimeachana na kuni na mkaa, na kwamba Mei 8, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Tangu hapo wanunuzi wetu wana wasiwasi, na wachomaji wana wasiwasi zaidi. Katika kikao kimoja tulipouliza kijiji kitapata wapi mapato mengine, ofisa mmoja alitujibu kwamba hilo ni agizo la juu na halijadiliwi.

Vijana wanataka kuandika mabango yenye majina ya viongozi. Mwenyekiti anataka tunyamaze, kwa hoja kwamba Rais mwenyewe anaitwa kinara wa nishati safi barani Afrika na kwa hiyo neno lolote dhidi ya mkakati litachukuliwa kuwa ni neno dhidi yake. Mimi nimepewa kazi ya kuandika taarifa ya kijiji. Je, tuna haki ya kulihoji jambo hili? Na kama tunayo, je, tuwataje viongozi kwa majina?

Bwana_Misitu_Mstaafu alijibu:

Ndugu katibu, nimefanya kazi ya misitu kwa muda mrefu na nakuomba kwanza uyatenganishe mambo ambayo watu wanayachanganya kila siku, tena wakiwamo viongozi wanaoyatangaza. Agizo la taasisi ni jambo moja. Mkakati wa kaya ni jambo la pili. Kupigwa marufuku kwa mkaa wote nchini ni jambo la tatu, na hilo la tatu halimo katika mkakati. Lengo likiwa asilimia 80 mwaka 2034, maana yake waandishi wenyewe wamekubali kwamba hata siku hiyo Mtanzania mmoja kati ya watano atakuwa bado anatumia nishati nyingine. Swali la haki ambalo kijiji chenu kinaweza kuliuliza bila kumkosea mtu adabu ni hili: mkaa utakaobaki sokoni utatoka wapi? Utatoka katika msitu wenye mpango, mipaka na stakabadhi, au utatoka kwa yule anayekata usiku na kupita njia za panya?

Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Serikali imekuwa ikitaja upotevu wa takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka, na majukwaani lawama yote hubebeshwa mkaa. Sisi tuliotembea porini tunajua kwamba sehemu kubwa ya msitu huondoka kwa ajili ya shamba. Mkulima wa ufuta au mahindi hahitaji kipande cha mita 50 kwa 50, wala hasubiri miaka 24. Anang'oa visiki vyote na msitu haurudi. Wilayani kwenu mnaliona hilo kwa macho. Msitu usipoingizia kijiji chochote, siku mkutano mkuu utakapokaa kugawa ardhi, nani atasimama kuutetea? Hiyo ndiyo hoja yenu, nayo ni hoja ya mazingira, kwa hiyo msikubali kupangwa katika upande wa wapinga mazingira.

Kuhusu majina, mimi nasema taja cheo, tarehe na uamuzi. Nia ya mtu iacheni.

Muuguzi_Mbagala alijibu:

Nimesoma maelezo ya mzee wangu hapo juu na ninamheshimu, lakini naomba uzi huu usigeuke kuwa wa kuutetea mkaa kana kwamba hauna madhara. Nafanya kazi katika kituo cha afya Dar es Salaam, ambako mkaa wenu ndiko unakoishia. Mwanamke anapikia ndani ya chumba kimoja cha kupanga, jiko liko kando ya kitanda, mvua inanyesha, mlango umefungwa na mtoto amelala. Mkaa hautoi moshi mwingi kama kuni, na kwa sababu hiyo watu wanauamini kupita kiasi. Ile hewa yenye sumu haionekani wala hainuki. Katika kuutetea mkakati huu, serikali imetaja vifo takriban 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na hewa chafu ya majikoni. Darasa lenu ni jambo jema, ila ushuru uliolijenga unatoka katika mapafu ya mtu fulani, na taarifa yenu isipomtaja mtu huyo hata mara moja, mimi nitaiona kuwa ya upande mmoja.

Hata hivyo, nitakupa silaha moja. Mitungi ya kilo 6 imegawiwa kwa ruzuku, na mingi imesimama pembeni ya kabati ikiwa imefunikwa kitambaa. Kuijaza upya kunataka zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo, wakati mkaa unanunuliwa kwa sado au hata kwa kopo kulingana na kilichopatikana leo. Wateja wangu hawajaichukia gesi. Fedha zao hazikusanyiki kwa namna hiyo. Kiongozi anayepiga picha akikabidhi mtungi aulizwe juu ya mara ya pili ya kuujaza.

Kijana_wa_Dumila alijibu:

Wakubwa zangu, shikamooni, ila mimi sikubaliani na huu ushauri wa kuficha majina. Sera zinapofanikiwa majina yanatajwa. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 inakumbukwa pamoja na January Makamba, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya mazingira, na sioni ubaya wake, kwa sababu aliisimamia. Sasa inakuwaje sifa zina mwenyewe halafu maumivu hayana? Kiongozi aliyekwenda Paris mwezi Mei 2024 katika mkutano ambako zilitangazwa ahadi za dola bilioni 2.2 kwa ajili ya nishati safi ya kupikia Afrika, ana wajibu wa kuulizwa na mchomaji mkaa wa Kilosa kwamba katika fedha hizo fungu la kijiji chake liko wapi. Kuuliza hivyo si tusi.

Mkaazi_wa_Molo alijibu:

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Mimi ni Mkenya na ninaishi karibu na msitu wa Mau, na ndugu wa Dumila ananikumbusha tulikopita. Mwaka 2009 serikali yetu ya mseto ilianza kuwaondoa watu msituni, na Raila Odinga, aliyekuwa Waziri Mkuu, ndiye aliyesimama mbele. Hoja ya mazingira ilikuwa ya kweli, kwa kuwa mito mingi inaanzia Mau, ukiwamo Mto Mara unaovuka hadi kwenu Serengeti. Maswali ya wananchi pia yalikuwa ya kweli: nani alikuwa na hati halali, nani aliuziwa ardhi na wakubwa, na nani angelipwa fidia. Lakini mjadala ukageuka haraka kuwa Raila dhidi ya William Ruto, ambaye wakati huo alikuwa waziri na aliwasemea waliokuwa wakiondolewa. Kufikia uchaguzi wa 2013, kura nyingi za Bonde la Ufa zilikuwa zimemhama Raila, na wengi walisema Mau ilikuwa mojawapo ya sababu.

Je, waliofurushwa walipata nini? Mwaka 2018 na 2019 watu wakaondolewa tena katika upande wa Maasai Mau, Kaunti ya Narok, safari hii chini ya serikali ambayo Ruto mwenyewe alikuwa Naibu Rais wake. Ndipo wazee wa kwetu walipotambua kwamba walikuwa wamepigania jina la mtu kwa miaka kumi huku suala la hati likiwa pale pale. Marufuku ya kukata miti iliyowekwa Februari 2018 nayo aliiondoa Ruto mwaka 2023 akiwa Rais, na ubishi wetu ukaanza upya, tena kwa majina yale yale. Kwa hiyo, kijana, taja jina ukitaka, lakini usiliweke mbele ya dai lako, kwa sababu jina ndilo litakalosikika peke yake.

Mhamiaji_Ottawa alijibu:

Nitaongeza la huku Kanada, maana linahusiana na hoja ya muuguzi. Kuanzia mwaka 2019 serikali ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Justin Trudeau, iliweka kwenye mafuta tozo ya kaboni, yaani malipo ya hewa ukaa inayotokana na mafuta hayo, na katika mikoa mingi sehemu kubwa ya fedha hizo ilirudishwa kwa kaya. Tatizo ni kwamba tozo uliiona kila ulipojaza gari, ilhali marejesho, kuanzia 2022, yaliingia benki mara moja kwa miezi mitatu, na watu wengi hawakujua hata yametokana na nini. Pierre Poilievre wa upinzani alijenga kampeni yake juu ya kuifuta, na mwisho wake Mark Carney, wa chama kilekile cha Trudeau, ndiye aliyeiondoa kwa watumiaji wa kawaida kuanzia Aprili 1, 2025. Sisemi tozo ile ilikuwa mbaya. Nasema kwamba kilichopotea kilionekana na kilichorudi hakikuonekana. Kama serikali yenu ina mpango wa kufidia vijiji vyenye misitu, ioneshwe fedha hiyo ikiingia katika akaunti ya kijiji, mahali ambapo ushuru wa mkaa ulikuwa ukiingia.

Wakili_Kijana alijibu:

Kwa ufupi kuhusu haki: mnayo. Mkutano mkuu wa kijiji ni chombo halali cha kisheria, na azimio lake lenye muhtasari uliosainiwa lina uzito kuliko bango lolote. Mkitaka kujua fedha au mipango iliyopo, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inawaruhusu kuomba kwa maandishi, na ofisi husika ina siku 30 za kujibu. Yule ofisa aliyesema jambo halijadiliwi alikuwa anaeleza mazoea yake.

Mjumbe_Kilosa aliandika:

Nawashukuru sana. Nimewasomea wenzangu uzi huu wote, na hata wale vijana wa mabango walinyamaza walipofika kwenye habari za Mau. Dada Muuguzi, umetubana, lakini sehemu yako tumeamua kuiingiza katika aya ya kwanza kabisa ya taarifa, kwamba kijiji kinatambua madhara ya mkaa kwa wanaoutumia mjini na hakiombi mkakati ufutwe. Aya ya pili itaeleza vile vipande vya uvunaji na visiki, na ya tatu itakuwa na hesabu za ushuru mwaka kwa mwaka.

Limebaki moja. Mwenyekiti bado anaogopa kwamba tukimtaja Rais kwa lolote tutaharibu. Vijana nao wanasema tusipomtaja kabisa, mbunge atachukua taarifa, atasema amesikia, na itaishia kwenye gari lake.

Bwana_Misitu_Mstaafu alijibu:

Mtajeni mara moja, na mumtaje kwa alichokisema hadharani. Andikeni kwamba tarehe 8 Mei 2024 Mheshimiwa Rais alizindua mkakati wenye lengo la asilimia 80 kufikia 2034, na kwamba kijiji kinaomba kuelezwa, kwa kuzingatia lengo hilo, vijiji vyenye misitu iliyopangwa vitahesabiwa upande gani katika kipindi cha mpito na mapato yao yatazibwa na nini. Hapo mtakuwa hamjamsifu wala hamjamlaumu, lakini mmeliweka swali mahali ambapo uamuzi ulitolewa. Mwenyekiti hana sababu ya kuiogopa sentensi hiyo.

Kuhusu taarifa kuishia garini, msimpe mbunge karatasi kabla haijapita kwenye mkutano mkuu. Isomeni kwa sauti pale mkutanoni, ipigiwe kura, iingie katika muhtasari, mwenyekiti na mtendaji wasaini na muhuri upigwe. Nakala moja iende kwa diwani ili ifike kwenye baraza la madiwani, nyingine kwa ofisa misitu wa wilaya, nyingine kwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Nishati, na kila anayepokea asaini kwenye kitabu cha barua. Halafu mbunge apewe yake mbele ya watu, akiwa anajua nakala nyingine zimeshatangulia.

Kijana_wa_Dumila alijibu:

Kwa utaratibu huo nimekubali, mzee. Nitakuja mkutanoni siku hiyo, maana kijiji chetu nacho kina msitu na hakijaandika chochote. Katibu, ukimaliza naomba uiweke hapa ile aya ya pili ili nasi tuitumie, tukibadilisha takwimu ziwe za kwetu.