Mrejesho: nyanya mbichi na sukuma wiki kabla ya theluji

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza niifanyeje bustani yangu hapa Minneapolis, Marekani, kabla jalidi (umande unaoganda kwa baridi kali) haijaimaliza, maana nyanya zilikuwa bado za kijani.

Dada uliyeniambia nizichume zote, nizitandaze kwenye boksi ndani pamoja na ndizi mbivu, Mungu akubariki. Zilizokuwa zimeanza kupauka zimeiva vizuri kabisa. Zile ngumu tumezitia achari.

Sukuma wiki niliiacha shambani. Jalidi ilipopiga, asubuhi majani yalikuwa meupe pembeni, yamekakamaa. Jua lilipopanda yakalainika, yakasimama tena. Na utamu wake sasa! Baridi huufanya mmea ugeuze wanga kuwa sukari, na kwenye sufuria unaujua.

Tuta la nyanya nimeng'oa mashina, nimechanganya mboji na kupanda vitunguu saumu: punje moja moja, ncha juu, kina cha sentimita 5 hivi. Juu nimefunika majani makavu, tabaka nene. Mavuno ni Julai, inshallah. Mpira wa maji nimeukausha, uko stoo.

Mnaoishi huku, majani yanayodondoka msiyatupe, ndiyo matandazo ya bure.