Naomba ushauri: programu inaniambia nikate shamba lote la misindano mwaka huu

MwanaMufindi
Kamwene wadau, na shikamoo kwa wakubwa. Mzee wetu alituachia ekari 62 za misindano huku Mufindi, vitalu 9. Kikongwe kina miaka 16, kichanga miaka 7. Tuko ndugu watano. Dalali amekuja na pikipiki, kazunguka nusu saa, kakadiria kwa macho na kutaja bei ya shamba zima. Wenzangu wawili wanataka tuchukue hela. Nimewaomba mwezi mmoja nipange uvunaji wa miaka 6, tuwe tunavuna na kupanda nyuma yake.

Nimetembea mipaka yote na simu yenye GPS, nikachora vitalu kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, halafu nikaingiza jedwali kwenye Solver ya Excel, ile inayotafuta yenyewe mpango bora: kila kitalu, kila mwaka, zikatwe ekari ngapi ili tupate faida kubwa. Bei nimeweka moja kwa kila mita ya ujazo, na riba asilimia 18 kama mkopo wa benki. Jibu: kata vyote mwaka wa kwanza. Hata kile cha miaka 7! Nimerudia mara nne, jibu ni lile lile. Je, dalali ana haki, au nimekosea mahali? Naogopa kuuza jasho la mzee kwa hesabu mbovu.

Mpimamiti
Mkuu, Solver imejibu swali ulilouliza. Umeiambia kwamba kila mwaka wa kusubiri unakula asilimia 18. Kama ujazo wa kitalu unaongezeka kwa asilimia 12 na bei haipandi, kusubiri ni hasara, lazima ikwambie kata.

Kosa kubwa ni hiyo bei moja. Msindano wa sentimita 14 usawa wa kifua utakupa mirunda na vipande vya inchi 2x2. Mti huo huo ukifika 24 unatoa 2x6, na mnunuzi anautazama kwa jicho jingine kabisa. Gawa bei kwa kipenyo, madaraja matatu yanatosha, uone vile vitalu vichanga vitakavyokataa kukatwa. Na riba, jiulize: huna mkopo, hiyo hela ukiipata leo utaizalisha wapi kwa asilimia 18?

Swali: ujazo umeupata wapi?

MwanaMufindi
Nilichukua wastani wa kila umri kwenye jedwali nililolikuta mtandaoni.

Mpimamiti
Ingia shambani, ndugu yangu. Kata kamba ya mita 11.28, simamisha mtu katikati, zunguka. Duara hilo ni mita za mraba 400, kwa hiyo zidisha mara 25 upate hekta. Pima kipenyo cha kila mti ulio ndani, kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Mlimani kamba ishikwe sawa, isilale na mteremko, la sivyo duara linapungua. Kama mzee alipanda mita 3 kwa 3, utegemee miti kama 44. Ukikuta 30, kitalu hicho si kile ulichokiandika kwenye kompyuta. Piga maduara kadhaa kila kitalu, mengine mbali na njia, maana kando ya njia miti hunenepa kwa mwanga.

RamaniNjombe
Nakazia upande wa ramani. Kama umeweka juu yake ramani ya zamani ya kijiji, hakikisha mfumo wake wa vipimo vya mahali. Ramani nyingi za zamani hapa nchini ni Arc 1960, simu yako inatumia WGS84. Ukizichanganya bila kubadilisha, mpaka unahama kama mita 300. Kwa shamba la ekari 62 hapo tayari uko kwa jirani! Pia chora mita 60 kila upande wa kijito uzitoe kwenye hesabu kabisa, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazilinda.

DadaDingdong
Kaka, mimi nina mashine ya kuchana mbao, wacha niseme ya kwetu. Hakuna mtu hapo juu aliyetaja barabara. Kitalu cha bondeni ukikipanga Februari, lori halitoki. Gogo la msindano likilala wiki mbili kwenye mvua linaingia rangi ya bluu, mnunuzi anaanza kushusha bei. Iambie hiyo programu yako kuwa vitalu vya bondeni vinakatwa Juni hadi Oktoba tu. Na vitalu viwili vinavyopakana vivunwe mwaka mmoja, kwa sababu kila nikihamisha mashine unanilipa upya. Masika tuachie cha juu, karibu na barabara ya changarawe. Kibali cha kuvuna na TP, ile hati ya kusafirishia mbao, shughulikia kabla hujaniita, nisije nikakaa na vijana watano wanaokula bila kazi.

Mpimamiti
Dada umemaliza. Mkuu, ongeza sharti moja tena: kila mwaka kiingie kiasi fulani cha chini, ili mwenye ada ya watoto asilazimike kumkimbilia dalali.

MwanaMufindi
Wiki tatu zimepita, narudi na shukrani. Tumepiga maduara 31. Kitalu cha 4, kule bondeni, tulihesabu miti 27 kwenye duara. Kumbe kuna visiki vya zamani chini ya nyasi, watu walikuwa wanaingia. Lakini kitalu cha 1 kina miti mikubwa kuliko nilivyoandika, mingi imepita sentimita 26. Kaka yangu mkubwa, aliyetaka kuuza, ndiye aliyekuwa anashika kamba katikati. Tulipofika hapo alinyamaza, akaomba tepu apime mwenyewe.

Sasa Solver inasema: kitalu cha 1 na cha 2 mwaka huu, cha 4 kiangazi cha mwakani kisha tupande upya, vile vichanga vitatu visiguswe ndani ya miaka 6. Dalali tumemjibu hapana. Dada, Agosti mashine ina nafasi?

DadaDingdong
Kuanzia tarehe 10. Nitumie ramani, niione njia kwanza.