Harrier haibridi au Harrier ya petroli kwa familia? Nataka kulipa mwisho wa mwezi

Ssalongo_Kireka
Wakuu, habari za jioni. Nimeuza Premio yangu, sasa nataka gari la familia lililoinuka kidogo. Bondi moja (yadi ya kuuza magari yaliyoagizwa nje) imenionyesha Toyota Harrier mbili, zote za 2015: haibridi, yaani injini ya petroli pamoja na mota za umeme, ya lita 2.5 kwa shilingi milioni 84, na ya petroli tupu ya lita 2.0 kwa milioni 76. Zote nyeusi, ndani safi kabisa. Muuzaji ananisukuma kwenye haibridi, anasema habari ya mafuta nitaisahau. Shemeji yangu naye anasema nikichukua haibridi nimejitafutia balaa. Nichukue ipi?

Fundi_Ndeeba
Karibu Ssalongo. Kwa maelezo hayo hakuna atakayekujibu vizuri. Unaendesha wapi, kilomita ngapi kwa mwezi? Kijijini ni wapi na barabara ya huko ikoje? Una fundi anayejua haibridi, au ni yule yule aliyekuwa anakubadilishia oili ya Premio? Kilomita za dashibodi umezilinganisha na karatasi ya mnada kutoka Japani?

Forester_Daima
Achana na zote mbili. Subaru Forester SJ ya 2.0 isiyo na turbo, magurudumu manne yanavuta muda wote, na spea zake soko la Kisekka zimejaa mpaka mlangoni. Milioni 84 kwa Harrier ni kununua jina.

Ssalongo_Kireka
Asante Fundi. Naishi Kireka, kazi Nakasero katikati ya Kampala, kila siku ya kazi asubuhi na jioni. Jamu (foleni) ya Banda na Nakawa mnaijua wenyewe. Kijijini ni Rakai, tunaenda sikukuu na misiba, na kipande cha mwisho ni barabara ya vumbi. Kwa mwezi ni kama kilomita elfu moja. Karatasi ya mnada sijaonyeshwa.

Mhasibu_Ntinda
Ngoja tupige hesabu. Kilomita elfu moja kwa mwezi ni 12,000 kwa mwaka. Kwenye jamu hiyo Harrier ya petroli naikadiria kilomita 8 kwa lita, yaani lita 1,500. Haibridi tuseme 13, yaani lita 923 hivi. Tofauti ni lita 577, na kwa shilingi 5,200 kwa lita unaokoa kama milioni 3 kwa mwaka. Ile milioni 8 ya ziada inarudi kabla ya miaka mitatu.

Lakini ungekuwa mtu wa barabara kuu hesabu ingegeuka. Petroli ikupe 12, haibridi ikupe 15, unaokoa lita 200 tu kwa mwaka. Hapo milioni 8 inarudi baada ya miaka karibu minane, na betri nayo imezeeka. Haibridi inapata faida yake kwenye jamu, kwa sababu ukikanyaga breki mota inageuka jenereta na kurudisha chaji, na mkisimama injini inazima. Kwenye lami ya Masaka unapokwenda kilomita 90 bila kusimama, cha kurudisha ni kidogo sana.

Mama_Tororo
Ssalongo, kaka yangu, nisome mpaka mwisho kabla hujatoa pesa.

Mimi na mzee wangu tulinunua Harrier haibridi, ile ya zamani ya V6 3.3, kwenye bondi ambayo sitaitaja. Siku ya kununua dashibodi ilikuwa safi, hakuna taa hata moja. Ilienda vizuri mjini, tena kimya, mpaka majirani wakawa wanauliza kama injini inawaka. Desemba tukapakia watoto na mizigo kwenda Tororo. Tumepita Iganga, hatujafika Bugiri, jua kali, kiyoyozi kiko juu, mara pembetatu nyekundu ikawaka na maandishi ya kukagua mfumo wa haibridi. Gari likakosa nguvu kabisa. Malori yanatupita yakipiga honi, mimi nimekaa nyuma na mtoto anatapika.

Fundi wa kwanza alitoa betri, akapima vipande kimoja kimoja, akabadilisha vitatu vibovu kwa vilivyotolewa kwenye gari jingine. Taa ikazima, tukafurahi. Haikuchukua muda ikarudi, safari hii kwenye mlima wa Mbuya, na kipande kilichokufa ni kingine kabisa. Fundi wa pili ndiye aliyetueleza. Betri yote ilikuwa imezeeka kwa pamoja, kwa hiyo ukiziba hapa panavuja pale. Mashine ilisoma P0A80, namba ya hitilafu inayosema badilisha betri nzima. Na akasema taa ile haikuwaka siku ya kununua kwa sababu kumbukumbu ya hitilafu ilikuwa imefutwa kwa mashine. Ikifutwa, gari linakwenda muda kidogo halafu linagundua upya.

Halafu akatuonyesha kitu ambacho hakuna aliyetuambia. Betri inapozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, sehemu ya kiti cha nyuma. Alipofungua, feni ilikuwa imevaa vumbi jekundu kama sweta, na katikati yake ganda la karanga. Hewa ilikuwa haipiti. Betri ilipikwa pole pole.

Betri nyingine ilitutoa milioni tano na nusu, na gari tukaliuza baadaye kwa hasara. Sisemi haibridi ni mbaya. Nasema usinunue kwa kuangalia taa za dashibodi.

Forester_Daima
Mama, pole sana. Ndiyo maana nasema Subaru.

Fundi_Ndeeba
Mama Tororo kasema kweli tupu, ila gari lake na la Ssalongo ni vizazi viwili tofauti. Ile V6 ilianza 2005. Ya 2015 ina injini ya 2.5 ya silinda nne, ingawa betri bado ni ya nikeli na bado inahitaji hewa. Vumbi la Rakai litaingia. Kila sevisi dai feni, na kichujio chake kama kipo, vifunguliwe na kusafishwa, na usiruhusu mizigo wala nguo kuziba tundu la hewa pale nyuma.

Sasa niseme upande wa pili, kwa sababu watu wanaiogopa haibridi ya Toyota kuliko inavyostahili. Haina alteneta wala stata ya kawaida. Gia yake wanaiita CVT, yaani gia isiyo na hatua, lakini ndani hamna mkanda, ni gia za sayari zinazounganisha injini na mota mbili. Harrier ya petroli ndiyo yenye CVT ya mkanda. Breki za haibridi zinadumu kwa sababu mota inafanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo.

Yanayoua haibridi hapa Kampala kwa macho yangu ni haya. Kwanza joto la betri. Pili maji ya kupozea inveta, kifaa kinachobadilisha umeme wa betri uende kwenye mota: yana njia yake na chombo chake, tofauti na rejeta ya injini, na fundi asiyejua hayaangalii kabisa au anamimina ya bomba. Tatu betri ndogo ya volti 12. Ikifa, gari haliwaki, na mwenye gari anaambiwa betri kubwa imekufa alipe mamilioni. Nimeona watu wakilia kwa betri ya bei ya kawaida.

Na tafadhali, nyaya za rangi ya chungwa haziguswi na fundi wa kubahatisha. Mfumo ni zaidi ya volti 200. Kwanza unachomoa plagi ya usalama, unasubiri dakika kumi ndipo unafungua.

Kapchorwa_Juu
Hakuna aliyegusa suala la matope. Harrier haibridi ya 2015 ni E-Four, na watu wanadhani ni 4x4 kama Prado. Hakuna shafti inayokwenda nyuma. Magurudumu ya nyuma yanasukumwa na mota yao peke yake, inayokuja kusaidia mbele inapoteleza. Kwenye nyasi zenye umande au lami yenye mvua inafaa. Kwenye udongo wetu wa mlima mvua ya Aprili ikishika, utaomba trekta. Tena haibridi iko chini kidogo kuliko ya petroli.

Forester_Daima
Ndicho ninachosema tangu mwanzo! Forester unapanda nayo mpaka Sipi bila kuomba mtu.

Kapchorwa_Juu
Sipi ni lami, ndugu.

Mwalimu_Jinja
Niongeze kitu hapa. Watu wanazungumza haibridi kana kwamba ni uchawi wa Wajapani. Vijana wa Makerere walitoa Kiira EV ya umeme mwaka 2011, na 2014 wakatoa Kiira EV SMACK, ambayo ni haibridi. Leo Kiira Motors wako hapa Jinja na mabasi ya umeme ya Kayoola. Mafundi wanaozijua mota na betri wapo nchini. Tuwatafute, tuwalipe vizuri, badala ya kupeleka gari la milioni 84 kwa mtu mwenye spana na nyundo.

Boda_Wa_Ntinda
Mwalimu, sawa kabisa. Hata sisi wa boda za umeme tunabadilisha betri kituoni dakika chache tunaondoka. Siku hizi nikisikia boda ya petroli inapita naona kelele tu.

Mhasibu_Ntinda
Boda tuifungulie mada yake. Ssalongo bado hajalipa.

Mama_Tororo
Ssalongo, mbona hujasema watoto ni wangapi?

Ssalongo_Kireka
Wanne. Wakubwa wawili, na mapacha wa miaka mitatu. Na mama yangu hukaa nasi anapokuja kliniki.

Mama_Tororo
Banange! Wewe na mkeo Nnalongo na wanne ni sita, na mama mzazi ni saba. Harrier ya 2015 ina viti vitano, iwe haibridi iwe petroli. Mapacha wanataka viti vyao vya watoto, viwili hivyo vimemaliza kiti cha nyuma. Wakubwa watakaa wapi mpaka Rakai? Kwenye buti?

Fundi_Ndeeba
Hapo mada imebadilika kabisa. Ssalongo, unatafuta safu tatu.

Xtrail_Mukono
Basi zamu yangu. Nissan X-Trail T32 ya petroli ya 2.0, viti saba, imeinuka zaidi ya milimita 200, na utabaki na pesa ya mafuta ya miaka. Angalia vizuri wakati wa kununua, maana ipo ya viti vitano na ya viti saba, kwa nje zinafanana. X-Trail haibridi ya Japani ni safu mbili tu, usidanganywe. Jambo moja: oili ya CVT iwe NS-3, ile ya Nissan yenyewe, na usimsikilize anayesema haibadilishwi.

Kapchorwa_Juu
Safu ya tatu ya X-Trail ni ya watoto. Mtu mzima akikaa pale mpaka Masaka, magoti yatakuwa kidevuni. Mama mzazi usimweke huko.

Xtrail_Mukono
Mama anakaa safu ya kati, wakubwa wawili nyuma. Sisi tunafanya hivyo na hakuna anayelalamika.

Mhasibu_Ntinda
Kama moyo uko kwenye haibridi kwa ajili ya jamu, ipo Toyota Estima haibridi. Viti saba, E-Four, milango ya kuteleza pembeni, ambayo kwa mapacha ni raha kwenye maegesho ya kubanana. Si krosova na haijainuka. Prius Alpha nayo ipo ya viti saba, lakini kwa barabara ya vumbi utakwangua tumbo. Kluger haibridi ilikuwa jibu zuri, ila ile ya Japani ilikoma 2007, na tangu sheria ya 2018 gari lenye miaka 15 au zaidi haliingizwi tena nchini. Utaipata tu iliyotumika hapa hapa, na habari ya betri ya umri huo Mama Tororo ameshaieleza.

Ssalongo_Kireka
Nimemsomea Nnalongo haya yote. Estima anaikataa, anasema ni gari la harusi na shule. Anataka kitu kilichoinuka. Jumamosi tunaenda kuona X-Trail ya viti saba, lakini mimi roho bado iko kwa haibridi kwa sababu ya ile milioni tatu ya mafuta. Je, nikiagiza mwenyewe Japani badala ya bondi, nitapata nafuu?

Mhasibu_Ntinda
Inategemea gari. URA, mamlaka ya mapato, haitazami bei uliyolipa peke yake, wana makadirio yao ya thamani kwa kila modeli na mwaka. Juu yake unaongeza ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, kodi ya zuio, na tozo ya mazingira kwa magari yaliyokula miaka. Ulizia hesabu kamili kwa modeli na mwaka wako kabla hujatuma hata dola moja. Na ukaguzi ufanyike Japani kabla halijapanda meli.

Busia_Mpakani
Faida ya kuagiza ni karatasi ya mnada, unajua gari limegongwa wapi. Hasara ni kusubiri, na maegesho Mombasa yanahesabiwa kila siku zikipita siku za bure. Tafuta wakala wa forodha mwenye leseni, na makaratasi yawe tayari kabla meli haijatia nanga.

Forester_Daima
Forester unaipata leo, unaondoka nayo leo.

Mama_Tororo
Forester ina viti vitano, baba.

Dada_Entebbe
Samahani Ssalongo, naingilia kidogo. Mimi nina watoto wawili, naenda mjini kwa ile barabara ya kulipia, na nimepata Honda Vezel haibridi ya 2014 kwa bei nzuri. Haya mliyosema ya gia bila mkanda yanahusu na Vezel?

Fundi_Ndeeba
Hapana dada, Vezel ni kitu kingine. Ina gia saba za klachi mbili zenye mota ndani, na modeli za mwanzo Honda iliziita zirudishwe huko Japani zaidi ya mara moja kurekebishwa programu ya gia. Ya 2014 imo katika kundi hilo. Chukua namba ya chesisi uhakikishe marekebisho yalifanyika. Halafu liendeshe kwenye jamu halisi, si kwenye uwanja wa bondi: liache litambae pole pole kwenye kilima, injini ikiwa na joto. Likitetemeka au kusita linapoanza kutoka, rudisha ufunguo.

Dada_Entebbe
Asante Fundi. Kilima gani kizuri karibu na Entebbe?