Mjadala: Serikali ya mpito ikiundwa, wanajeshi waachiwe wizara za ulinzi na mambo ya ndani?

MLETA MADA, Dodoma mjini
Wakuu, habari za jioni. Jana kwenye kahawa pale Majengo tulibishana kuhusu Sudan mpaka makaa ya muuza kahawa yakazima. Hatukumaliza, nauleta kwenu.

Kwa asiyekumbuka: Omar al-Bashir alitawala tangu Juni 1989 mpaka 11 Aprili 2019, alipong'olewa baada ya maandamano yaliyoanza Desemba 2018 kwa hasira ya bei ya mkate. Majenerali wakataka kubaki wenyewe. Tarehe 3 Juni wananchi waliopiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi Khartoum wakamiminiwa risasi. Madaktari wa huko walihesabu maiti zaidi ya 100. Tarehe 17 Agosti pande mbili zikatia saini Azimio la Katiba: baraza kuu la watu 11, wanajeshi watano na raia sita, na mwanajeshi ndiye mwenyekiti kwa miezi 21 ya mwanzo. Waziri mkuu akawa Abdalla Hamdok, mchumi aliyetoka Umoja wa Mataifa kule Addis Ababa.

Septemba 5 akatangaza mawaziri 18. Dunia ilishangilia, na mimi nilishangilia. Wanawake wanne, na Asma Mohamed Abdalla akawa mwanamke wa kwanza kushika mambo ya nje Sudan. Fedha akapewa Ibrahim Elbadawi, aliyewahi kufanya kazi Benki ya Dunia.

Sasa jana mzee mmoja alivipanga vikombe vya kahawa kwenye benchi, akahesabu hadi 18. Halafu akachukua viwili akaviweka kwenye paja lake. "Hivi Hamdok hakuvichagua. Ulinzi na mambo ya ndani, waliviteua wanajeshi. Haya, niambieni hivi vilivyobaki vinanizuia nini nikitaka kubeba sinia lote?" Hakuna aliyejibu haraka. Tarehe 25 Oktoba 2021 Jenerali Burhan, mwenyekiti wa baraza kuu, alibeba sinia: Hamdok akawekwa kizuizini, baraza la mawaziri likavunjwa.

Msimamo wangu: baraza la mpito lisilo na kauli juu ya bunduki lisiundwe. Bora mazungumzo yachelewe.

MKULIMA, Kibaigwa
Mleta mada, nakuheshimu, ila hapo mwisho sikubaliani na wewe. Ni rahisi kusema yachelewe ukiwa Majengo. Wale walikuwa wametoka kuzika watoto wao. Kila wiki ya kuchelewa ilikuwa na maiti zake. Ukiwa umeshikwa koo, unapokea kinachokupa pumzi kwanza.

Na mbona Burkina Faso ilikuwa vilevile? Rais Blaise Compaoré alikimbia Oktoba 2014, na Luteni Kanali Isaac Zida akawa waziri mkuu na akashika ulinzi mwenyewe. Mwanajeshi kabisa! Lakini uchaguzi ulifanyika Novemba 2015, na raia akashinda.

MWALIMU, Mpwapwa
Wote mnaangalia mawaziri. Azimio lile lilitaka bunge la mpito liundwe ndani ya siku 90, asilimia 40 ya viti ni vya wanawake. Halikuundwa mpaka siku ya mapinduzi, na hapo tusiwasingizie wanajeshi peke yao, maana wanasiasa wa kiraia nao walivutana kuhusu viti. Kwa hiyo nani angemwita waziri wa ulinzi ajieleze? Baraza likabadilishwa Februari 2021 kuingiza viongozi wa waasi waliotia saini amani ya Juba, bunge bado hakuna.

MLETA MADA, Dodoma mjini
Mwalimu, hilo la bunge sikuliona kabisa na nakubali. Limeniuma, kwa sababu lilikuwa mikononi mwa raia.

Ndugu yangu wa Kibaigwa, neno lako la kuzika limenipunguza ukali. Sina haki ya kumwambia mama wa Khartoum angoje. Lakini Burkina Faso uliyoileta isome mpaka mwisho. Septemba 2015 kikosi cha ulinzi wa rais kiliwakamata rais wa mpito na huyo huyo Zida. Watu wakajaa barabarani, jeshi lenyewe likakigeuka, kwa wiki moja mapinduzi yakafa. Baraza la mawaziri liliporudi kazini, lilikivunja kikosi kile. Basi ndipo uchaguzi ukawezekana. (Najua mapinduzi yaliyowakuta tena 2022, ila hayo yana sababu zake.)

Khartoum nani angethubutu kuivunja RSF, kikosi chenye silaha cha Jenerali Hemedti? Alikuwa makamu mwenyekiti wa baraza kuu, ana jeshi lake, na ana biashara ya dhahabu ambayo waziri wa fedha hakuwa na uwezo wa kuigusa. Burhan na Hemedti waliwapindua raia kwa pamoja, kisha tarehe 15 Aprili 2023 wakageukiana wao kwa wao.

Mwezi huohuo Watanzania waliokuwa Khartoum, wengi wao wanafunzi, walirudishwa nyumbani. Kijana wa jirani yangu alikuwemo. Alishuka stendi hapa Dodoma na begi moja la mgongoni, vyeti amevifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuvivaa tumboni chini ya shati. Mama yake alipomkumbatia, ule mfuko ulilia.

Basi nabadilisha swali langu, mnijibu: kama wizara mbili zile lazima waachiwe, ni kikosi gani kivunjwe kwanza, na nani akivunje?