Tupeane uzoefu: mlidurusuje fasihi ya Marekani kwa mtihani wa Kiingereza?

Mama Kinyerezi
Wadau mlioko Marekani na mliosoma huko, naombeni mawazo. Binti yangu yuko gredi ya 11, na kipindi cha Kiingereza mwaka huu ni fasihi ya Marekani mwanzo mwisho. Wiki ijayo ana mtihani: istilahi za fasihi, halafu vipindi vya historia ya fasihi, kuanzia Wapuritani (wale Waprotestanti wa msimamo mkali waliohamia kutoka Uingereza) hadi usasa. Kajaza vikadi meza nzima. Muulize maana ya tashihisi, yaani kukipa kisicho mtu sifa za binadamu, anakutajia bila kupepesa. Mpe ubeti akuoneshe ilipo, kimya. Mliopita huko mlifanyaje?

Mtoto wa Fizi
Pole, mama. Mimi niliingia shule huko nikitokea kambi ya Nyarugusu, na kule tulisoma kwa Kifaransa, kwa hiyo ile orodha ilinitesa. Aliyenifungua macho ni mwalimu mmoja aliyefuta miaka yote ubaoni akabakiza swali: hawa watu ukweli wanautafuta wapi? Wapuritani, kwenye Biblia. Ndiyo maana Jonathan Edwards, kwenye mahubiri yake ya 1741, anamning'iniza mwenye dhambi juu ya moto kama buibui. Kina Benjamin Franklin na Thomas Paine, waandishi wa enzi ya mapinduzi ya Marekani, kwenye akili na hoja. Walimbwende, yaani Romantics, kwenye hisia na maumbile. Mmoja wao, Thoreau, alihama kabisa akaenda kuishi kwenye kibanda kando ya bwawa la Walden. Wahalisia wanatazama watu wa kawaida, wanavyosema na wanavyohangaika. Wa usasa, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, hawana hata uhakika kama ukweli wenyewe upo. Nikikutana na kifungu nisichokijua, naanza na swali hilo.

Bint Kizimkazi
Nyongeza kidogo. Uasilia (ule mtazamo kwamba maumbile yanamwamulia mtu hatima bila kumjali) na uhalisia nilikuwa navichanganya mpaka tulipofika kwa mwandishi Stephen Crane. Januari 1897 meli aliyopanda kwenda Kuba ilizama karibu na Florida, akaokoka, na mwaka huohuo akatoa hadithi ya wanaume wanne ndani ya kidau, wakipiga makasia huku pwani wanaiona. Nahodha ana jeraha, anapona. Anayekufa maji ni yule fundi wa mitambo, mwenye nguvu kuliko wenzake wote, tena karibu kabisa na nchi kavu. Si kwamba katenda dhambi. Bahari haimchukii wala haimpendi. Sisi tuliolelewa na wavuvi hatuhitaji kuelezwa sana hapo! Mwalimu akiuliza alama za uasilia, mimi naanza na yule fundi, kisha ndiyo naandika maelezo ya kitabuni.

Ticha Mstaafu
Mama Kinyerezi, vikadi aviweke pembeni kwanza. Achukue lile shairi la Emily Dickinson ambamo Mauti anakuja kumchukua mtu kwa gari la farasi. Apige mstari chini ya kila anachofanya Mauti ambacho hufanywa na binadamu: anasimama kumngoja abiria, anampakia, anaendesha polepole, ana adabu zake. Tashihisi ameshaiona. Sasa ajiulize kwa nini mshairi kampa Mauti adabu badala ya kumfanya wa kutisha. Kutaja jina la mbinu kunampa maksi moja. Zilizobaki ziko kwenye hilo swali la kwa nini.

Kwa kinaya, yaani jambo kuwa kinyume na linavyosemwa au kuaminiwa, amsome Huck, kijana wa kwenye riwaya ya Mark Twain. Kijana kafundishwa kuwa kumsaidia mtumwa kutoroka ni dhambi. Anaandika barua ya kufichua alipo Jim, huyo mtumwa, anaishika mkononi akitetemeka, anaichana, na anakubali kwenda motoni. Yeye anaamini amepotea. Msomaji anaona ndipo alipotenda haki. Akiweza kueleza hilo kwa sentensi zake mwenyewe, kinaya hakitamsumbua tena.

Msomaji Mbishi
Mnavisifu sana hivyo vipindi. Frederick Douglass alitoa simulizi ya maisha yake utumwani mwaka 1845, mwaka uleule Poe alipochapisha shairi la kunguru wake. Mbona Poe anaitwa mlimbwende na Douglass anatengewa sura ya peke yake? Na Phillis Wheatley, aliyeletwa Boston kutoka Afrika akiwa mtoto, mtumwa, akachapisha kitabu cha mashairi London mwaka 1773, utakuta kapewa nusu ukurasa. Binti asibishane kwenye maswali ya kuchagua, ataumia bure. Ubishi autunze kwa ajili ya insha.

Mama Kinyerezi
Asanteni sana. Jana usiku tumelisoma la Dickinson kwa sauti, na hilo swali la adabu amelijibu mwenyewe: eti Mauti hana sababu ya kukimbia. Sasa mwalimu kaongeza waandishi Weusi wa Harlem, mtaa wa New York: mshairi Langston Hughes na mwandishi wa riwaya Zora Neale Hurston. Hao nao?

Mtoto wa Fizi
Hughes amsome huku akisikiliza blues, muziki wa Wamarekani Weusi, miaka ya 1920 ndiyo iliyokuwa inapigwa Harlem, na takriri zake, yale marudio ya maneno, zimetoka humohumo. Kwa Hurston asikilize watu wa Florida wanavyoongea. Wamewekwa na lugha yao ya mtaani bila kusafishwa, na mtihani unapenda kuuliza hapo. Akikwama kwenye kifungu chochote, kibandike hapa tukichambue pamoja.